Kelele za chura zikinyamaza, ng'ombe atakunywa nini?

Kutoka vinamasi vya Mto Sio hadi vijito vya Mlima Elgon, vyura wadogo wanapungukiwa na makao. Wakazi wa Busia na Malaba wana sababu nzuri ya kuwasikiliza kabla hawajanyamaza.

MVUA kubwa ikinyesha Malaba wakati wa jioni, shughuli za mpakani hupungua kidogo. Madereva wa malori hujifungia ndani ya magari yao. Vijana wa boda boda hukimbilia vibarazani mwa maduka, nao akina mama wanaouza ndizi mbivu na samaki hufunika bidhaa zao kwa karatasi za nailoni. Mvua ikishakatika na giza kuingia, sauti nyingine huanza kusikika. Hutoka kule chini mtoni, katika nyasi na matete ya Mto Malaba, upande wa Kenya na upande wa Uganda kwa wakati mmoja.

Ni vyura. Wengine hukoroma kama mtu aliyelala usingizi mzito. Wengine hulia sauti nyembamba, fupi fupi, kama matone ya maji yanayoanguka ndani ya sufuria tupu.

Ni wachache wanaowatilia maanani. Dereva anawaza foleni na karatasi zake za forodha. Mwenye duka anahesabu noti za shilingi za Kenya kando na zile za Uganda. Mtoto akiuliza ni nini kinachopiga kelele huko nje, huambiwa alale.

Wahenga nao walitupa sababu ya kutojali. Walisema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hiyo tunaitumia kila siku tunapotaka kuwapuuza wasengenyaji na wapinzani wetu. Hata hivyo, msomaji, ukiitazama vizuri utaona kwamba methali hiyo inachukulia mambo mawili kuwa ya kudumu: kwamba chura yupo na kwamba maji yapo. Je, siku chura atakaponyamaza, maji hayo yatakuwa bado yanafaa kunywewa na ng'ombe, sembuse binadamu?

Hilo si swali la mzaha. Tayari kuna chura mmoja katika eneo hili la magharibi ya Kenya aliyenyamaza, na maji ya mto alimoishi huteremka hadi Kaunti ya Busia.

Mpaka ni wa watu, maji hayaujui

Wakazi wa Busia hujivunia kwamba neno boda boda lilizaliwa hapa mpakani, wakati vijana walipokuwa wakivusha watu na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda. Tangu Februari 2018, marais wa nchi hizi mbili walipozindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia, msafiri hukaguliwa mahali pamoja tu badala ya kusimamishwa mara mbili.

Maji hayakusubiri kituo cha pamoja. Mto Malaba huanzia katika miteremko ya Mlima Elgon, hupita chini ya daraja linalovukwa na malori, kisha ukaingia Uganda kuelekea Ziwa Kyoga. Mto Sio nao hutoka pande za Bungoma, ukakata nchi ya Busia, na katika sehemu yake ya chini huwa ndio mpaka wenyewe wa Kenya na Uganda hadi unapoingia Ziwa Victoria karibu na Sio Port. Wateso wako ng'ambo zote mbili. Wasamia vilevile. Shangazi akiwa Kenya, mpwa wake huenda yuko Uganda, nao wote wawili huteka maji katika mto mmoja.

Kandokando ya Mto Sio ndiko kuliko na kinamasi cha Sio-Siteko, ambacho sehemu yake moja iko Busia ya Kenya na nyingine Busia ya Uganda. Ni nchi ya mafunjo, yale majani marefu ya majini yenye kichwa kama ufagio uliotawanyika, pamoja na matete, nyasi za malisho na vidimbwi. Kwa mgeni anayepita kwa matatu, hapo ni mahali pa matope na mbu tu. Kwa mwenyeji, ni ghala. Humo hutoka mafunjo ya kusukia mikeka na majamvi, nyasi za kuezekea nyumba, udongo wa vyungu na matofali, dawa za miti shamba, kambare na kamongo. Wakati wa kiangazi, majani ya mlimani yanapokauka, ng'ombe hupelekwa huko.

Humo pia huonekana korongo taji, yule ndege mrembo aliye kwenye bendera ya Uganda, ambaye tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini duniani. Huyo ana bahati ya kuwa na urembo. Chura hana taji wala bendera, na ndiyo maana habari zake hazisemwi.

Mnyama anywaye kwa ngozi

Kati ya vyura wanaosikika usiku katika matete ya magharibi ya Kenya, kuna mmoja mdogo sana aitwaye na wataalamu Hyperolius viridiflavus. Tumwite chura wa matete. Urefu wake hauzidi pingili moja ya kidole cha mtu mzima. Hukaa juu ya jani, miguu ameikunja, na ncha za vidole vyake zina vitufe vya kumwezesha kushika hata jani laini linaloyumba. Rangi zake hubadilika kutoka mahali hadi mahali, wengine wakiwa na mistari na wengine madoa. Dume hutanua kifuko cha koo kikawa kama puto, akaita. Sauti ile ya matone ya maji ni yake.

Huyo bado ni wengi na hayuko hatarini. Lakini maisha yake yanatuonyesha kwa nini vyura kwa jumla ni wepesi wa kuangamia.

Kwanza, chura hanywi maji kwa mdomo kama sisi. Huyavuta kwa ngozi yake. Sehemu ya hewa anayovuta pia hupitia kwenye ngozi hiyo hiyo, ndiyo maana ni lazima iwe na unyevu daima. Chochote kilichomo majini, iwe ni sabuni, dawa ya kuua wadudu au mafuta ya gari, humwingia mwilini moja kwa moja.

Pili, mayai yake hayana ganda. Vyura wengi huyataga majini, yakawa kama uji mzito wenye vidoa vyeusi. Viluwiluwi wakitoka huishi kama samaki, hadi waote miguu, mkia unyweee, wapande nchi kavu. Hivyo chura huhitaji makao mawili yaliyo karibu: maji safi ya kukulia na majani ya kuishi. Ukiharibu moja, umeharibu yote.

Tatu, hana uwezo wa kuhama mbali. Korongo akikuta kinamasi kimelimwa, ataruka hadi kingine. Chura wa pingili moja ya kidole hawezi kuvuka kilomita tano za shamba kavu la mahindi katika jua la Januari.

Kwa sababu hizo, hali ya vyura duniani kote ni mbaya. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 uliangalia zaidi ya aina 8,000 za wanyama wa jamii hiyo, na ukaonyesha kwamba asilimia 41 wako katika hatari ya kuangamia. Hiyo ni karibu aina mbili katika kila tano. Hakuna kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo lililo katika hali mbaya kuliko hilo.

Chura wa matete mwenyewe ana jamaa yake wa karibu huko Shimba Hills, Kaunti ya Kwale, mwenye mistari myekundu iliyojipindapinda mwilini. Chura huyo hapatikani penginepo popote duniani isipokuwa katika misitu na vidimbwi vya eneo hilo dogo la pwani, naye tayari amehesabiwa miongoni mwa walio hatarini. Tofauti ya hawa wawili ni kwamba mmoja ana vinamasi vingi vya kukimbilia na mwingine ana kilima kimoja tu.

Aliyenyamaza mlimani

Turudi sasa huku magharibi. Upande wa Kenya wa Mlima Elgon kuna mto uitwao Koitobos. Maji yake huteremka hadi nchi ya Trans Nzoia, yakaingia Mto Nzoia. Nzoia nao hupita Webuye na Mumias, hadi Budalang'i katika Kaunti ya Busia, ambako humwaga maji yake Ziwa Victoria. Mkazi wa Budalang'i anayeteka ndoo mtoni anateka pia maji ya Koitobos.

Katika mto huo wa mlimani waliishi vyura wadogo wa kijito, waliozoea mawe yaliyolowa na maji yaendayo kasi. Mwaka 1935 Arthur Loveridge, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Nairobi na Tanganyika kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliwaeleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi. Aliwapa jina la Arthroleptides dutoiti, kumkumbuka mtaalamu mwenzake aliyeitwa du Toit.

Jamaa za chura huyo walioko katika milima ya Tanzania hutaga mayai juu ya mawe yanayorushiwa maji. Viluwiluwi wao hawaogelei kidimbwini kama wengine, bali hung'ang'ania mwamba uliofunikwa na utando mwembamba wa maji. Mtu anaweza kuona upesi kwamba maisha ya namna hiyo hayavumilii kijito kikijaa matope au kikikauka.

Chura wa Koitobos alionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Kenya ilikuwa bado haijapata uhuru. Watu waliozaliwa mwaka huo sasa wamepita miaka sitini na wengi wao wana wajukuu. Watafiti wamerudi mlimani kumtafuta na wakatoka mikono mitupu. Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, umemweka katika daraja la walio hatarini kabisa, ambalo ni la mwisho kabla ya kutangazwa kuwa wametoweka.

Hakuna aliyemuua kwa kukusudia. Misitu ilikatwa kwa ajili ya mashamba, mbao na makaa, na udongo ukateremka mitoni. Mbuga ya taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa mwaka 1968, miaka sita baada ya yeye kuonekana mara ya mwisho. Wataalamu hushuku pia ugonjwa wa ukungu wa ngozi ambao umewaua vyura katika mabara mengi, na ambao uchunguzi wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba chimbuko lake ni Asia ya Mashariki. Ukungu huo husafiri na wanyama wanaouzwa na maji yanayobebwa kutoka mahali hadi mahali.

Lililo la kusikitisha zaidi ni kwamba hakuna aliyejua siku alipotoweka. Ng'ombe waliendelea kunywa maji.

Bei ya kuchelewa: kisa cha Kihansi

Huenda msomaji akasema, yaliyopita si ndwele. Basi natusikilize kisa cha jirani zetu wa Tanzania, ambao walimwona chura wao akitoweka mbele ya macho yao na wakajaribu kumwokoa.

Katika milima ya Udzungwa, Mto Kihansi huanguka kwa kishindo katika korongo refu. Manyunyu ya maporomoko hayo yalikuwa yakilowesha mchana na usiku eneo dogo lenye majani mabichi. Kwenye miaka ya 1990, bwawa la umeme lilipokuwa likijengwa, wataalamu waliokuwa wakichunguza mazingira waligundua mwaka 1996 chura wa rangi ya dhahabu asiyejulikana popote duniani. Aliye mkubwa kabisa hakufikia sentimita tatu. Tena, kinyume cha vyura wengi, huyu hakutaga mayai majini. Alizaa watoto walio hai, kila mmoja mdogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha. Makao yake yote duniani yalikuwa takriban hekta mbili, sawa na shamba la mkulima mdogo wa Nambale.

Mwaka 2000 maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180, sehemu kubwa ya mto haikuanguka tena korongoni. Manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walichukuliwa kwa ndege hadi Marekani kutunzwa katika hifadhi ya wanyama ya Bronx, New York. Huko Kihansi kwenyewe mabomba ya kunyunyiza maji yaliwekwa ili kuigiza manyunyu ya asili.

Kwa muda ilionekana kana kwamba mambo yatakuwa sawa. Katikati ya mwaka 2003 vyura waliokuwa korongoni walikisiwa kuwa kama 20,000. Kisha, katika muda wa wiki chache, wakafa karibu wote. Ule ukungu wa ngozi uligunduliwa miongoni mwao. Wengine walishuku pia dawa za kilimo zilizosombwa na maji kutoka mashamba ya juu. Mapema mwaka 2004 walioonekana au kusikika walikuwa watano tu. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini.

Wale waliopelekwa Marekani, baada ya wengi wao kufa, walizaana katika hifadhi za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam kwa ndege na kutunzwa katika chuo kikuu. Kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, hatua kwa hatua.

Vyura wa Kihansi walizua mabishano makali nchini Tanzania. Wapo waliouliza kwa nini serikali ihangaike na vyura ilhali wananchi wanahitaji umeme. Swali hilo lina haki yake. Nyumba isiyo na taa haishibi sauti za vyura. Hata hivyo, kisa hicho kinatufundisha jambo moja la wazi: kuacha maji kidogo yapite tangu mwanzo ni rahisi kuliko kumpandisha chura ndege, kumlisha ugenini miaka kumi, kisha kumrudisha mahali ambapo manyunyu yenyewe yanategemea mabomba.

Na mbu je?

Kwa mzazi wa Busia, kuna jambo lililo karibu zaidi na nyumbani. Kaunti hii ni miongoni mwa zile za kanda ya ziwa ambako malaria haiishi mwaka mzima. Ilikuwa mojawapo ya kaunti nane zilizochaguliwa kwa majaribio ya chanjo ya malaria ya watoto iliyoanza nchini mwaka 2019. Kwa hiyo wengi husema: kaushieni mbali vinamasi hivyo, mbu waishe.

Mambo si mepesi kiasi hicho. Mbu aletaye malaria katika nchi zetu hupenda sana vidimbwi vidogo vilivyo wazi, vinavyopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali, mitaro iliyoziba. Wataalamu waliochunguza vinamasi vya nyanda za juu za Uganda waliona kwamba mafunjo yanapofyekwa na mahali pake pakalimwa, maji hupata joto na mbu wakaongezeka. Mafunjo yaliyosimama hutia kivuli.

Chura naye ana kazi yake. Akiwa mkubwa hula wadudu usiku kucha, na viluwiluwi wa aina kadhaa hula viluwiluwi wa mbu au hugombea nao chakula. Mwaka 2022 wachunguzi walichapisha matokeo kutoka Costa Rica na Panama, nchi za Amerika ya Kati ambako ule ukungu ulifagia vyura kuanzia miaka ya 1980. Waliona kwamba baada ya vyura kufa, wagonjwa wa malaria waliongezeka kwa miaka kadhaa. Pale hali ilipokuwa mbaya kabisa, ongezeko lilikuwa karibu mgonjwa mmoja kwa kila watu 1,000 kwa mwaka.

Busia si Panama, na mbu wetu si wale. Chandarua hakina mbadala wa chura. Lakini anayefukuza vyura ili kupunguza mbu huenda anamfukuza askari ili kumkomesha mwizi.

Shida iko wapi?

Mtu asidhani kwamba wanaolima vinamasi ni watu wabaya. Mashamba ya Busia yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi mengine hayafiki ekari moja. Mvua za masika zikichelewa, mahindi ya mlimani hunyauka, ilhali kule bondeni kuna unyevu. Nani atamlaumu mama anayepanda nduma, sukuma wiki na nyanya ukingoni mwa mto ili alipe karo? Kijana asiye na kazi hukata mafunjo au hufyatua matofali kwa sababu mji unakua, na kila anayejenga anataka matofali.

Tatizo huja pale kila mmoja anaposogea hatua moja ndani. Mwaka huu mkulima analima hadi penye mti, mwaka ujao anavuka mti. Mafunjo huchomwa moto yaote upya kwa malisho, lakini moto ukipita wakati viumbe wanazaa huteketeza viota na kila kisichoweza kukimbia. Mikaratusi hupandwa palipo na chemchemi kwa sababu hukua upesi na kuuzwa milingoti, nayo hunywa maji kwa pupa. Mkulima akimaliza kunyunyizia nyanya zake dawa, bomba huoshwa mtoni.

Mafuriko nayo yana uhusiano na hayo. Wakazi wa Budalang'i hawahitaji kuelezwa maana ya kuhamia kambini na magodoro kichwani. Nzoia ulivunja kingo na kuwafukuza makwao mwaka 2003, na tena mwaka 2020 mvua zilipokuwa kubwa na Ziwa Victoria likafurika. Kinamasi ni kama sifongo. Hunywa maji mengi kwa mkupuo mmoja, kisha huyatoa polepole. Ukikilima chote, maji hayapati pa kupumzikia.

Sheria zipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kanuni za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinahusu vinamasi, kingo za mito na fuo za maziwa moja kwa moja. Kenya pia imefungwa na mkataba wa kimataifa wa vinamasi uliotiwa sahihi mjini Ramsar, Iran, mwaka 1971, ambao tulijiunga nao mwaka 1990. Ziwa Nakuru liliingizwa katika orodha ya mkataba huo mwaka huo huo, na delta ya Tana ikafuata mwaka 2012. Nchi za bonde la Mto Nile nazo zimeshughulikia mpango wa pamoja wa kutunza Sio-Siteko, kwa kuwa mkono mmoja haulei mwana. Upande mmoja ukitunza na mwingine ukifyeka, kazi ni bure.

Yanayowezekana nyumbani

Lakini sheria haikai mtoni usiku. Anayekaa ni jirani. Yafuatayo ni mambo ambayo jamaa yoyote inayoishi karibu na Sio, Malaba au Nzoia inaweza kuyafanya bila kusubiri mradi wala mfadhili.

Kwanza, acha ukanda wa majani ya asili kati ya shamba lako na maji. Hata ukanda huo ukiwa mwembamba, huchuja udongo na dawa, na humpa chura mahali pa kukaa.

Pili, usioshee bomba la dawa mtoni wala kisimani. Maji ya kuoshea yamwage shambani, mbali na mto. Mikebe mitupu isitupwe majini wala kufanywa vyombo vya nyumbani.

Tatu, wanaokata mafunjo wakate kwa zamu, sehemu moja ikipumzika huku nyingine ikivunwa. Mafunjo huota tena upesi yakiachwa mashina. Moto usitumiwe.

Nne, mikaratusi ipandwe mlimani mbali na chemchemi. Bondeni pandeni miti ya kienyeji ambayo wazee waliijua.

Tano, msihamishe samaki, vyura wala maji ya bwawa kutoka sehemu moja hadi nyingine bila ushauri wa maafisa wa uvuvi. Ule ukungu hauonekani kwa macho, na tope la viatu linatosha kuubeba.

Sita, mashimo ya matofali yaliyoachwa yafukiwe, au yafanywe mabwawa ya samaki. Hapo mtakuwa mmepunguza mbu kweli kweli.

Mwisho ni la watoto, nao hulipenda. Usiku baada ya mvua ya kwanza ya masika, keti nao barazani, mzime redio kwa dakika tano, mhesabu ni sauti ngapi tofauti za vyura mnazosikia. Andikeni katika daftari, pamoja na tarehe. Mwaka ujao mfanye vivyo hivyo. Mwalimu wa shule ya msingi iliyo karibu na kinamasi akiwapa wanafunzi wake kazi hiyo kila mwaka, baada ya miaka kumi shule hiyo itakuwa na habari ambazo hakuna aliyekuwa nazo kule Koitobos.

Kwa maana huko mlimani hakukuwa na daftari. Chura aliimba hadi mwaka 1962, na baada ya hapo hatujui ni usiku gani sauti ya mwisho ilisikika. Huku chini, vinamasi vyetu bado vinapiga kelele. Wakati huu ambapo vyura bado ni wengi, kuwatunza hakuhitaji ndege ya kwenda New York wala mabomba ya kuigiza manyunyu. Kunahitaji mkulima asimamishe jembe lake hatua chache kabla ya maji.

Wahenga hawakukosea. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Bali mchungaji mwenye busara, akifika mtoni na kukuta kimya, huyachunguza maji kwanza kabla ya kumwachia ng'ombe wake.